Mkasi Usiitangulie Idhini



Juma hili mikononi mwangu mna kazi tatu. Ya kwanza inakaribia kwisha, ya pili imo katikati, na ya tatu haijaanza, ingawa vitambaa vyake vimo chumbani mwangu tangu mwezi uliopita. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonishikisha kalamu. Hata hivyo nitaanza na mbili zilizotangulia, kwani wengi wenu huniuliza mfarishi hushonwaje.

Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu: uso wa viraka, moyo wa katikati, na bitana ya chini. Huu wa kwanza ni wa mtoto mchanga, na hauzidi mita moja kila upande. Uso wake ni mabaki ya madira na kanzu. Moyo wake ni shuka kuukuu ya pamba, maana blanketi zito halifai kwa joto la pwani yetu. Tabaka hizo nilizishikiza kwanza kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda, nikianzia katikati na kwenda kingoni ili kitambaa kisijikunje. Kisha nikapitisha mshono wa kudumu na kuifumua bandi. Uliosalia ni upindo tu. Katika kazi ya mtoto siweki vifungo wala shanga, na pini nazihesabu: nikichomeka 20, sharti nichomoe 20 kabla kazi haijatoka mlangoni.

Kazi ya pili nimeiga kwa wenzetu wa ng'ambo ya bahari. Katika jimbo la Karnataka, nchini India, wako watu waitwao Siddi. Hao ni wazao wa Waafrika waliovuka Bahari ya Hindi katika karne zilizopita, wengi wao wakiwa wamechukuliwa utumwani. Miongoni mwao wamo Waislamu, Wahindu na Wakatoliki. Wanawake wao hushona kwa nguo kuukuu mfarishi uitwao kawandi. Hawaungi uso mzima kwanza kama tufanyavyo sisi. Huanzia pembezoni mwa bitana, wakapachika kiraka baada ya kiraka huku wakizunguka kuelekea katikati, na mshono uleule unaokishika kiraka ndio unaozishika tabaka zote. Kwenye pembe nne huweka vipande vya kitambaa vilivyokunjwa pembetatu, waviitavyo phula, yaani maua. Mimi nimefika mzunguko wa tatu. Njia hii yanifaa kwa kuwa kipande chochote, hata cha upana wa vidole viwili, hupata mahali pake.

Sasa nije kwenye ile ya tatu. Ni furushi la leso, jozi 12, za mama mmoja aliyefariki miezi minne iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Zimefuliwa na kukunjwa vizuri. Mna kisutu cha harusi yake, chekundu, cheusi na cheupe, na mna leso za Mali ya Abdulla kutoka Biashara Street, Mombasa, ambazo mji wake umefifia lakini jina bado lasomeka. Aliyezileta ni binti yake mkubwa. Alitaka mifarishi miwili, mmoja wake na mmoja wa dada yake, na alitaka ikamilike kabla ya Idi.

"Leso hizi ni za nani, mwanangu?" nilimuuliza.

"Ni za mama, khalati."

"Mama ametangulia mbele ya haki. Leo ni za nani?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akanijibu kwamba leso ni vitu vya wanawake, na desturi ya mjini ni mabinti kugawana.

Desturi hiyo naijua, na bila shaka nanyi mnaijua. Mtu akifa, nyumba, shamba na fedha za benki hupelekwa kwa Kadhi na kupigiwa hesabu, lakini kabati la nguo hufunguliwa siku ya tatu na kila mtu akachukua apendacho. Sheria ya mirathi haikutenga kabati. Surat An-Nisaa, katika aya ya 7, imeweka wazi kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, mali ikiwa chache au nyingi. Baada ya gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi thuluthi, kila kilichobaki ni cha warithi wote, na leso ni katika hicho.

Marehemu huyu ameacha mume, wana wawili wa kiume na mabinti wawili; wazazi wake walikwisha kutangulia. Mume ana robo. Robo tatu zilizobaki ni za watoto, na mwana wa kiume hupata mafungu mawili kwa moja la binti. Tukizichukulia jozi hizo 12 kuwa na thamani sawa, baba ana tatu, kila mwana wa kiume ana tatu, na kila binti ana moja na nusu. Maana yake, katika furushi nililoletewa nilikate lote, jozi tisa ni za watu wasiokuwapo chumbani. Mmoja wao yuko kazini Ghuba. Mwingine ni mtoto wa miaka tisa.

Binti alisema mama yake alikuwa akitamka mara kwa mara, "Leso zangu ni za wanangu wa kike." Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hulichanganya. Kama mama alizitoa leso hizo angali mzima, akamkabidhi binti, naye akazipokea, hiyo ni hiba, na si sehemu ya urithi. Lakini kama alikusudia wazipate baada ya kufa kwake, huo ni wasia kwa mrithi, na hauthibiti mpaka warithi wengine waridhie. Leso hizi hazikutoka kabatini mwa mama mpaka siku ya msiba.

Watu wazima wanaweza kuridhia na kuachilia, nao wana ujira wao kwa Mola. Mtoto hawezi. Radhi yake haihesabiki kabla hajabaleghe, wala baba yake hana ruhusa ya kumtolea sadaka fungu lake. Linaloruhusiwa ni kuzithamini leso kwa bei ya haki, kisha mabinti wakahesabiwa thamani hiyo katika mafungu yao, na mtoto akafidiwa katika mali nyingine.

Mtu aweza kuniambia kwamba leso kuukuu haina thamani kubwa kiasi cha kusumbua watu. Ningekubaliana naye kama kazi yangu ingekuwa kukunja tu. Aliyechukua pete ya mwenzake aweza kuirudisha, na aliyekopa fedha aweza kulipa. Leso ikishapita mkasini hairudi kuwa leso, na nduguye mtu akija kudai kumbukumbu ya mama yake, ataonyeshwa viraka.

Kwa hiyo nilimwomba aende akayakamilishe mambo matatu: baba na kaka waulizwe kwa uwazi, fungu la mdogo wao lithaminiwe na mtu ajuaye bei, na palipo na shaka aulizwe Kadhi au shekhe wa mtaani. Nami niliongeza ombi langu la ushonaji. Leso yenye jina la Mwenyezi Mungu katika maandishi yake naikata kipande hicho na kukirudisha kwa wenyewe, kwani mfarishi hutandikwa chini na kukaliwa.

Hadi leo, baba ameridhia. Kaka ameleta ujumbe wa sauti: ameachilia fungu lake lote isipokuwa kisutu, anachotaka kibaki kizima, akiweke kwa ajili ya harusi yake. Mabinti walilia walipousikia, kwa maana hawakujua kwamba naye alikikumbuka. Jozi zilizosalia ni 11, na bei yake kwa ajili ya mtoto haijakamilika. Furushi limo juu ya kabati langu, limefungwa vilevile. Idi huenda ikapita kabla sijalifungua, na binti amekubali.

Juma lijalo, inshaallah, nitaeleza jinsi ya kufua leso nyekundu isichujie viraka vyeupe. Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotangulia, na awape subira waliobaki. Wabillahi tawfiq.