Mabawa ya Bomba na Vichuguu vya Ihanda
Msafiri aelekeaye Tunduma, apitapo Ihanda wilayani Mbozi, hakosi kuona ya kwamba ardhi hii yenye kuzaa mahindi na kahawa haikutandazwa sawa kama sakafu, bali imejaa matuta, vichuguu na miteremko. Ndiyo maana nawasihi wakulima waazimiao kuacha bomba la mgongoni na kukodi trekta lenye mabawa mapana ya kupulizia viwavijeshi watafakari hesabu hii. Bawa la mita 12 kila upande, gurudumu moja likipanda kichuguu na trekta likainama nyuzi 2 tu, ncha ya upande wa pili hushuka kadiri ya sentimita 40, ilhali nozeli hutakiwa kukaa kama sentimita 50 juu ya mmea. Basi ikiongezeka inchi chache za mtikisiko, chuma hugonga mimea, na ikiwa ingali mifupi hupiga ardhi na kupindika. Kuliinua bawa juu mno si tiba, kwa kuwa upepo huichukua dawa hadi kwenye shamba na mizinga ya nyuki ya jirani, na hiyo ni dhuluma. Matajiri wa ng'ambo wana vyombo vipimavyo kimo kwa mawimbi ya sauti. Sisi, kwa rai yangu, latutosha bawa fupi, lenye bawaba na springi ziliachiazo kurudi nyuma likigonga, na gurudumu dogo nchani, naye dereva atembee shamba kwa miguu kwanza, akichomeka vijiti penye vichuguu.