Mifugo Yetu Ikubaliwe Kuwa Dhamana

Kwa Jaji Mkuu wa Kenya

Mheshimiwa,

Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuilia. Hapa Isiolo haki hiyo hukwama kwenye karatasi. Mdhamini huulizwa hati miliki ya ardhi, logibuku ya gari au hati ya mshahara. Malisho ya Merti na Garba Tula ni ya jamii nzima. Mfugaji atoe wapi hati yenye jina lake?

Mzee wa Kiborana, Kisamburu, Kiturkana au Kisomali anayekuja kumtoa mwanawe ana ngamia na mbuzi, na chifu anamjua yeye na ukoo wake. Hayo hayahesabiwi. Inabaki pesa taslimu, basi huteremka sokoni kuuza. Dalali akishasikia kwamba mwenye mnyama ana mtoto rumande, bei huanguka papo hapo. Mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo kuanzia 2020, mnyama aliyekonda hakuwa na bei ya maana. Kesi haijasikizwa, na nyumba nzima imekwisha kufilisika.

Sisi wa kaskazini adhabu ya namna hii tunaijua. Mkoloni alitoza ukoo mzima mifugo kwa kosa la mtu mmoja. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali kwa waliyotenda wakati wa vita vya Shifta huku kaskazini, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotajwa. Sidhani hakimu wa leo ana chuki kama ya watawala hao. Lakini sharti lake humwelemea mfugaji kuliko jirani yetu wa Meru mwenye shamba lililopimwa, na huo ni ubaguzi hata kama hakuukusudia.

Sheria haimfungi hakimu mikono. Kifungu cha 123A cha Kanuni ya Mwenendo wa Jinai kinamtaka aangalie uhusiano wa mshtakiwa na jamii yake. Kwa hiyo naomba mwongozo wa dhamana wa 2015 uongezwe agizo bayana: mifugo iliyothibitishwa na chifu pamoja na wazee ikubaliwe, na masharti yaelezwe kupitia mkalimani kwa asiyeelewa lugha ya mahakama. Na mahabusu wa Gereza la Isiolo walioshindwa na masharti warudishwe mbele ya hakimu, masharti hayo yapimwe upya.

Wako,
Mkazi wa Isiolo