Linda mwembe wako, lakini si kwa sumu

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Kiberege kumsalimia mama mdogo. Baada ya shikamoo na chai, akanipeleka nyuma ya nyumba kuniona mwembe alioupanda mwaka juzi. Gome la shina lilikuwa limegugunwa mzunguko mzima, karibu na ardhi. Ni kazi ya ndezi, wanaotoka usiku kwenye majani marefu kando ya mashamba ya mpunga na miwa.

Kisha akanionyesha dawa aliyonunua mnadani. Ilikuwa ndani ya chupa ya soda isiyo na lebo, chini ya meza ya jikoni. Alitaka kuichanganya na pumba, aiweke chini ya mwembe jioni. Hatua chache kutoka pale, wajukuu wake wawili walikuwa wakichezea mchanga.

Msomaji wangu, hapo ndipo niliposhtuka. Tunapanda mwembe na mpapai ili watoto wapate matunda yenye vitamini A, halafu chini ya mti huohuo tunawawekea sumu.

Mti hulindwa bila sumu. Huko Marekani na Ulaya kuna biva, mnyama jamii ya panya kama ndezi, anayeangusha hata miti mikubwa kwa meno. Wenye nyumba huzungushia mashina waya. Nasi tunaweza:

- Zungushia shina wavu wa kuku hadi usawa wa goti au zaidi kidogo. Fukia ncha ya chini ardhini, na acha nafasi ili usiguse gome. Mti ukinenepa, legeza.
- Huna waya? Mianzi iliyopasuliwa na kusimamishwa kwa kubanana inafaa. Kwa mbuzi, ongeza uzio wa miiba.
- Fyeka majani kuzunguka mti. Ndezi hapendi kukaa mahali peupe.
- Matandazo yasigusane na shina, maana huficha panya na kuita mchwa.

Usichelewe. Gome ndilo hupitisha chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Likiliwa mzunguko mzima, mizizi hufa njaa na mti hukauka.

Tembo wa Udzungwa ni habari nyingine, waya hauwazuii. Wakija, toa taarifa kwa uongozi wa kijiji na askari wa wanyamapori. Usiwafukuze mwenyewe usiku.

Na kama mtoto amekula sumu, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Ikiwa imemwagikia mwilini, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Mkimbize kituo cha afya, ukichukua chupa au pakiti yenyewe ili mganga ajue ni sumu gani. Usisubiri dalili: sumu nyingine hukausha pumzi ndani ya muda mfupi, nyingine za panya huonyesha madhara baada ya siku kadhaa, mtoto akiwa bado anacheza.

Mwembe wa mama mdogo sidhani kama utapona. Amepanda mwingine, na huu una waya tangu siku ya kwanza. Ile chupa hatukuimwaga chooni wala mtoni. Tuliifunga vizuri, tukaipeleka kwa afisa ugani.

Je, nyumbani kwako chupa kama ile imewekwa wapi? Kaangalie leo, kabla mtoto hajaiona.