Marathoni ya Polepole na Raba ya Mtumba



Mdogo wetu aliyeolewa Turbo, kwenye barabara kuu itokayo Eldoret kuelekea Webuye, mwaka huu alikimbia marathoni yake ya kwanza huko Eldoret. Ni kilomita 42 na mita 195, nazo alizikimbia kwa mwendo wa kuzungumza, bila ya kushindana na mtu. Alimaliza baada ya saa 5 na ushei, akatupigia simu huku akicheka. Siku ya tatu tulipofika kwake kumpongeza, tulimkuta akisali Adhuhuri juu ya kiti, machozi yakimlengalenga.

Maumivu yalikuwa sehemu tu ya kilio kile. Mawifi zake walikuwa wamemwambia tangu mwanzo kwamba mbio hazimfai mama wa watoto watatu, naye akaapa hatawapa nafasi ya kumwona akichechemea. Basi kesho yake aliamka akafua, akapika, akaenda sokoni na kurudi na mzigo. Siku ya tatu mapaja yalikataa kabisa kumshusha kwenye sijida. Kusali juu ya kiti hakuna aibu. Dini yetu haimkalifishi mtu lisilo katika uwezo wake. Lakini yeye aliona ameshindwa.

Mwenda pole hajikwai, ila naye huchoka. Brigid Kosgei alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2019 kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4. Aliye njiani kwa saa 5 hukaa juani na juu ya miguu yake zaidi ya mara mbili ya muda huo, na kila hatua misuli hupokea uzito wa mwili, hasa kwenye miteremko ambako mapaja ndiyo breki. Maumivu yake kwa kawaida huzidi siku ya pili na ya tatu. Aliyehitaji kupumzika akafua, amejiongezea tu.

Tulimshauri alale mapema, atembee kidogo kidogo, anywe maji na supu yenye chumvi, ale wali au viazi pamoja na maharage, mayai na maziwa (mursik ya huko haikosekani), na asikimbie kwa wiki moja au mbili. Dawa za maumivu asizimeze ovyo mwili ukiwa umekauka maji, kwani huelemea figo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha tukaomba kuziona raba. Zilikuwa za mtumba, rangi ingali inang'aa, ila sponji ya soli imekufa: ukiiminya haiinuki. Tuliziweka mezani tukazitazama kwa nyuma. Zote mbili zimelalia ndani. Tena zilimbana, na kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi.

Raba ya kukimbilia hupimwa jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, pamoja na soksi utakazovaa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kishikwe bila ya kuchezacheza, na soli ikunjike penye vidole, isikunjike katikati kama kandambili. Bei na jina vije mwisho. Raba inayokusumbua dukani haitakuhurumia barabarani.

Kuhusu mawifi, tuliwakumbusha kwamba Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), na kwamba Sifan Hassan, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya Paris 2024, aliipokea dhahabu yake akiwa amevaa hijabu. Walinyamaza. Mavyaa wake ndiye aliyeinyanyua ile raba kuukuu, akaiminya soli kwa kidole, akasema itamfaa yeye kwenda nayo shambani.