Mwajuma Amewakosea Nini?

Wiki tatu zilizopita mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike kwetu Tanga. Ilikuwa Ijumaa, saa chache kabla ya swala. Nilipopigiwa simu nikashukuru Mungu, kisha bila hata kufikiri nikasema, "Basi jina tunalo. Ni Mwajuma."

Upande wa pili kimya. Halafu mdogo wangu akacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha.

"Dada, usimwonee mtoto. Wewe mwenyewe si umelikimbia?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Mimi ni Mwajuma. Nilirithishwa jina la bibi mzaa baba, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kuniita jina hilo. Aliniita "somo yangu", kama watu wa pwani wanavyowaita wenye majina yao. Lakini mwaka wangu wa kwanza redioni, mtayarishaji wa kipindi aliniweka kando akanishauri nilikate jina. Eti wasikilizaji watacheka kabla sijafika kwenye habari ya kwanza. Nikawa "Mwaju". Miaka tisa nimekuwa Mwaju, hewani na magazetini, na kila aliyeniuliza kirefu chake nilimjibu kwa mzaha nikapita.

Sasa nauliza, na nawauliza hasa ninyi mnaoandika na mnaosoma: Mwajuma amewakosea nini?

Fungua vichekesho vyetu vya mitandaoni. Akihitajika hausigeli anayeunguza maharage, ataitwa Mwajuma. Akihitajika msichana wa uswahilini anayegombana bombani, ni Mwajuma. Mtaani lipo hadi jina kamili, "Mwajuma Ndala Ndefu", na kila mtu analielewa bila kuelezwa: mwanamke asiyesoma, asiyejua mjini, wa kuchekwa. Mwandishi wa aina hii hana haja ya kumjenga mhusika. Analitupa jina tu, watu wanacheka, na yeye anaona kazi imekwisha. Mimi huo nauita uvivu. Na ni uvivu wenye dharau mara mbili, maana unamcheka mwenye jina na unamcheka mfanyakazi wa ndani kwa pamoja, kana kwamba kufua nguo za watu wengine ni aibu ya anayefua.

Hebu tulifungue jina lenyewe. Nusu ya pili ni rahisi: Juma, kutoka neno la Kiarabu la siku ya Ijumaa, siku ya kukusanyika kuswali. Mtoto wa kiume aliyezaliwa siku hiyo akaitwa Juma, wa kike akaitwa Mwajuma. Baadaye, kwa kurithishana, likawafikia hata waliozaliwa Jumanne. Wengi wetu tunaishia hapo. Nusu tunayoiruka ni ile "Mwa".

Ni "Mwana" iliyofupishwa; Lamu na Mombasa bado utawasikia kina Mwanajuma kwa urefu wake. Ukimuuliza mwanafunzi wa leo mwana ni nani, atakwambia ni mtoto. Yuko sahihi, ila kwa Kiswahili cha zamani cha pwani Mwana lilikuwa pia neno la heshima kwa mwanamke, kama tunavyosema Bibi. Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, hakuitwa Mwana kwa sababu alikuwa mtoto. Binti mwenyewe alikuwa Mwana Hashima. Masimulizi ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi miongoni mwa waasisi wa mji. Unguja ya karne ya 17 ilikuwa na malkia, Mwana Mwema. Katika orodha hiyo ndimo wanamotoka Mwanaidi, Mwanahamisi, Mwanahawa, na Mwajuma wangu. Yaani kila anayeniita kwa dhihaka ananipa cheo bila kujua.

Na hapa ndipo hasira yangu inapopanda. Mwana ana mwenzake wa kiume: Mwinyi. Nalo ni neno la heshima, bwana, mwenye mali au mamlaka. Limetupa kina Mwinyijuma, Mwinyihaji na Mwinyimvua, na watawala wa zamani wa Unguja walijulikana kwa cheo cha Mwinyi Mkuu. Taifa hili limeongozwa na Rais Mwinyi kuanzia 1985 hadi 1995, na Zanzibar ina Rais Mwinyi tangu 2020. Sijasikia mtu akisema jina hilo halifai hewani. Majina mawili ya pwani moja, yenye muundo ule ule: la kiume likaingia Ikulu, la kike likapewa ufagio. Mtasema ni bahati mbaya?

Najua wapo wanaolipinga kwa hoja nzito zaidi ya kicheko. Kundi la kwanza linasema jina hili limechanganywa, mtoto wa Kiislamu apewe jina safi la Kiarabu: Ilham, Tasnim, Aaliyah. Kundi la pili linasema kinyume chake, kwamba Juma ni la Waarabu na Mwafrika ajivue. Nawasikia wote wawili, na nashangaa wanavyokubaliana kwamba kitu kilichochanganywa hakina mwenyewe. Kwa hoja hiyo tusiseme Jumamosi wala Jumapili pia, maana ni neno la mgeni lililohesabiwa kwa namba zetu: Juma la mosi, la pili, la tatu. Mwajuma ameundwa vivyo hivyo. Mwarabu hana Mwajuma. Jina hili lilifinyangwa hapa pwani, kwa udongo wa watu wawili, likasafiri na watu na lugha yao hadi Ujiji, Bujumbura na mashariki ya Kongo. Ukitaka kumweleza mgeni Kiswahili ni nini kwa neno moja tu, mpe hilo.

Lakini hapa ni mahali pa fasihi, basi nizungumze fasihi. Wapo wanaoniambia waandishi wanaakisi jamii tu. Ikiwa kina Mwajuma wengi ni maskini, mhusika maskini ataitwa nini? Nawajibu kwa kitabu kimoja, Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anakimbia ndoa. Jamaa zake wanamfungia milango. Mlango unaofunguka ni mmoja, Ng'ambo, kwa shoga yake. Shoga huyo anaitwa Mwajuma.

Mwajuma wa Shafi ni maskini. Anapenda ngoma na starehe, na wazazi wengi wasingependa binti yao aongozane naye. Hakupambwa hata kidogo. Ila anampokea mtu aliyekataliwa na damu yake mwenyewe, anagawana naye kidogo alicho nacho, na wala haoni kama amefanya jambo la ajabu. Ondoa chumba chake na riwaya haina pa kulala. Alipotengeneza filamu ya kitabu hicho mwaka 2021, Amil Shivji naye alimbakisha Mwajuma. Umaskini wake upo pale pale, na hakuna anayetakiwa kuucheka. Tofauti kati ya huyo na Mwajuma wa vichekesho haiko kwenye jina wala kwenye hali ya maisha. Iko kwa mwandishi: mmoja alikaa akamtazama mtu, mwingine hakuwa na muda.

Kwa hiyo siwaombi mumfanye Mwajuma malkia au daktari wa upasuaji katika kila hadithi. Mwacheni awe hausigeli akitaka. Mpeni tu sababu za kuunguza maharage. Mpeni barua anayoisubiri kutoka nyumbani, deni analolipa, mtu anayemkumbuka. Na siku moja moja, mkikosa jina la mhasibu au mwalimu wa fizikia, mkumbukeni.

Darasani kwetu Ngamiani miaka ya tisini tulikuwa kina Mwajuma watatu, mwalimu akatutofautisha kwa majina ya baba zetu. Juzi nilimuomba mtoto wa kaka anitajie wenzake wa darasani katika shule ile ile. Alinitajia Rayan wawili, Aaliyah, Nasreen, Brayan, akaendelea mpaka akachoka. Mwajuma hakumtaja. Siwalaumu wazazi. Mdogo wangu aliniambia jambo ambalo sikuweza kulipinga: "Wewe utaandika makala, yeye ndiye atakayechekwa darasani." Mama akamuunga mkono. Mtoto ameitwa Ilham, jina zuri, na nimempenda kwa jina lake.

Ila kabla hatujakata simu mdogo wangu aliongeza: "Ungekuwa unajiita Mwajuma kwenye hiyo redio yenu, labda ningethubutu." Maneno hayo sijayalalia vizuri tangu siku ile. Nimekaa nikiwalaumu wachekeshaji, kumbe miaka tisa mtoto wa kike mwenye jina langu alikuwa anafungua redio na hanisikii.

Jumatatu iliyofuata nilipofika kwenye kusaini taarifa yangu, nilitaja jina zima. Fundi mitambo alinyanyua kichwa akanitazama. Hakucheka mtu. Na hata wangecheka, habari ilikuwa imeshasomwa.