Mchoro ni Wako, Mhusika ni wa Nani?

Pita mitaa ya Kisauni, Likoni au Mtwapa uangalie kuta za shule za chekechea. Utamkuta Mickey Mouse amechorwa kwa rangi ya mafuta, sikio moja kubwa kuliko jingine, akiwakaribisha watoto darasani. Muulize mpita njia nani aliyemchora panya huyo mara ya kwanza, atakwambia ni Walt Disney. Jibu hilo ni nusu tu. Mkono uliomchora mwaka wa 1928 ulikuwa wa Ub Iwerks, fundi aliyefanya kazi na Disney tangu ujana wao. Jina la Iwerks halijulikani hapa kwetu, na hata huko kwao Marekani wanaolijua ni wachache.

Mickey mwenyewe alizaliwa kutokana na hasara. Mwaka mmoja kabla yake, Disney na wenzake walikuwa wakichora sungura aitwaye Oswald, na watu walimpenda. Mwanzoni mwa 1928 Disney alikwenda New York kumwomba msambazaji wake, Charles Mintz, amwongezee pesa. Akaambiwa akubali malipo ya chini kuliko ya awali. Alipokataa, akagundua kwamba sungura ni mali ya kampuni ya Universal kwa mujibu wa mkataba, na kwamba wachoraji wake wengi walikuwa wameshachukuliwa. Alitoka bila sungura na bila timu. Kampuni ya Disney ilimpata tena Oswald mwaka wa 2006, tena kwa mabadilishano: ilimwachilia mtangazaji wa michezo Al Michaels aende NBC, ikapewa sungura. Mtu mzima mwenye jina kubwa akabadilishwa na katuni ya miaka ya 20!

Watunzi wa Superman waliumia zaidi. Jerry Siegel na Joe Shuster walimuuza mhusika huyo mwaka wa 1938 kwa dola 130. Wachapishaji wakatajirika. Ilipofika 1975, Shuster akiwa macho yamemdhoofika na filamu kubwa ya Superman ikiandaliwa, kelele za umma ndizo zilizoifanya kampuni ya Warner ikubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi yao.

Nayataja haya ya mbali kwa sababu mlango uliowafungia wazee hao uko wazi hapa Kenya, na vijana wetu wa Pwani wanauingia kila wiki.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, kifungu cha 31, inaanza vizuri: haki ni ya aliyeitunga kazi. Kisha inaweka sharti. Kazi ikiwa imeagizwa na mtu, au imefanywa na mwajiriwa akiwa kazini, haki hiyo inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vingine. Soma tena maneno hayo ya mwisho. Ukinyamaza, umeuza. Hakuna haja ya mkataba wa kukunyang'anya. Kukosekana kwa makubaliano kunatosha.

Wengi hawajui hivyo. Kijana mmoja ninayemfahamu, fundi wa kuchora hapa Mombasa, aliombwa na mfanyabiashara amchoree kaa wa kutangaza biashara yake. Bei ilikubaliwa kwa simu, pesa zikaja kwa M-Pesa, mchoro ukaenda kwa WhatsApp. Baadaye kaa huyo akaonekana kwenye fulana, kwenye vikombe na ubavuni mwa gari la mizigo. Kijana alipouliza, akajibiwa kwamba alishalipwa. Mtu huyo hakuwa mwizi machoni pa sheria, na hilo ndilo linaloniudhi. Bei ya mchoro mmoja ilinunua mhusika mzima na kila atakalolifanya maishani.

Hapa inafaa kusema kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa maana wateja wengi wanadhani ni ya nusu saa. Mhusika mzuri anatambulika hata akipakwa wino mweusi mwili mzima, abaki kivuli tu. Mtazame Mickey: duara tatu na umeshamjua. Duara hizo pia zilimrahisishia Iwerks kazi, maana zinachoreka haraka na hazibadiliki kichwa kinapogeuka. Fundi huchora mhusika wake kutoka mbele, ubavuni na nyuma, akicheka, akinuna, akikimbia, ili mchoraji mwingine aweze kumrudia bila kumpotosha. Karatasi hizo ndizo mali. Anayemkabidhi mteja karatasi hizo bila neno la maandishi amemkabidhi hati ya shamba akidhani anampa embe moja.

Watu huniambia tatizo kubwa siku hizi ni kompyuta. Ni kweli, tuliona Machi 2025 jinsi kila mtu, wanasiasa wakiwemo, alivyogeuza picha zake zifanane na filamu za Studio Ghibli ya Japani, bila mchoraji wa huko kupata senti. Lakini sheria ya hakimiliki haijawahi kulinda mtindo wa kuchora. Inalinda mchoro. Kwa hivyo mashine zinapozidi kuiga mitindo, kinachobaki cha kushikilia ni mhusika mwenyewe, mwenye sura yake na tarehe yake. Kumpoteza huyo kwa kukosa mistari miwili ya maandishi ni hasara kubwa leo kuliko ilivyokuwa miaka 10 iliyopita.

Kuna faraja kidogo. Kifungu cha 32 kinamwachia mchoraji haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeitunga kazi, na ya kupinga isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima, hata kama mali imeshahama. Kazi pia inaweza kusajiliwa kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Ila jina halilipi kodi ya nyumba. Wasomaji wa Taifa Leo wa rika langu walimjua Juha Kalulu kwa miongo. Wangapi kati yetu wangeweza kumtaja Edward Gitau aliyemchora?

Kwa maoni yangu, kifungu cha 31 kinapendelea mwenye pesa na kinapaswa kubadilishwa. Uingereza, tulikorithi sheria zetu nyingi, ilibadilisha ya kwake kwa sheria ya mwaka wa 1988: mchoraji huru anayeagizwa kazi hubaki na hakimiliki yake, na mteja akitaka kumiliki lazima ainunue kwa maandishi. Mwajiriwa wa mshahara ni suala jingine, na hapo sina ugomvi.

Wabunge wetu wanaosema sana kuhusu ajira za vijana wana hapa marekebisho ya sentensi moja. Kaunti nazo hazihitaji kungoja Bunge, kwa kuwa sheria ya sasa inaruhusu makubaliano. Idara inayomwita kijana achore samaki wa kufundisha usafi wa ufuo inaweza kuandika kwenye barua ya kazi kwamba inalipia matumizi ya mabango hayo, kwa muda fulani, na kwamba samaki anabaki wa mchoraji. Akitakiwa kwenye vitabu vya shule, alipwe tena.

Mchoraji naye asingoje idara. Kabla ya kutuma mchoro, amwandikie mteja: unalipia matumizi haya, mhusika anabaki wangu, tafadhali tia sahihi. Mteja akikataa, basi bei si ile tena.