Misuli ya Kijana na Moshi wa Sigara

Kijana mvutaji wa sigara afikapo kliniki kwa kikohozi, ushauri apewao mara nyingi ni mmoja: sigara husababisha saratani ya mapafu na maradhi ya moyo. Ni kweli tupu, naye huitikia kwa adabu. Jioni huenda kunyanyua vyuma, vingi vikiwa vya saruji iliyomiminwa katika makopo, na atokapo hununua sigara moja kibandani. Saratani anayoonywa huiona iko mbali, nyuma ya miaka thelathini. Kifua anachokitunisha kipo leo. Wahudumu wa afya wanakosea kuliacha jambo hili la karibu bila kulitaja, yaani kwamba sigara inakula sehemu ya jasho lake wiki hii hii.

Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Hewa hiyo hushikamana na hemoglobini, protini ya damu ibebayo oksijeni, kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Nafasi iliyokaliwa nayo haibebi kitu, na kwa mtu aliyetulia huchukua takriban saa nne hadi sita kupungua kwa nusu tu. Basi anayevuta moja asubuhi, moja mchana na nyingine njiani kuelekea mazoezini hafiki ukumbini na damu yake yote. Nikotini nayo huharakisha mapigo ya moyo na kuibana mishipa ya damu, hata moyo ukawa umeanza kazi kabla ya chuma cha kwanza kuinuliwa. Wapo wanaojifariji kwamba jasho huutoa moshi mwilini. Kaboni monoksaidi hutoka kwa pumzi, haitoki kwa jasho.

Hasara ya pili haina kishindo. Msuli haukui wakati wa kunyanyua. Hukua katika saa nyingi zinazofuata, mwili unapotengeneza protini mpya. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007 uliwalinganisha wavutaji wa muda mrefu na wasiovuta, ukakuta kwamba utengenezaji wa protini katika misuli ya wavutaji ulikuwa wa chini, ilhali alama za miostatini, kemikali ya mwili inayozuia msuli kukua, zilikuwa juu. Walipimwa watu wachache, nao walikuwa wamevuta kwa wingi na kwa miaka mingi, kwa hiyo si haki kumwambia kijana aliyeanza mwaka jana kwamba misuli yake imekwisha.

Hapo ndipo ushauri mwingi huharibika. Kijana akiambiwa kwamba mvutaji hawezi kujenga mwili, humkumbuka mara moja rafiki yake mwenye mikono minene na sigara sikioni, na tangu hapo hasadiki neno lolote la daktari. Kauli ya kweli ni ya kiasi zaidi: mvutaji hujenga, lakini hulipa zaidi kwa kila anachopata, huchoka mapema, na jeraha la mfupa au la ngozi likimpata huchelewa kupona.

Wala misuli si urembo tu. Mchukuzi wa mizigo sokoni na mvuvi avutaye nyavu huishi kwayo. Mgonjwa wa maradhi sugu ya mapafu yatokanayo na sigara hupungukiwa nguvu za mapaja, akashindwa kupanda ngazi hata pale pumzi ingemruhusu. Kwa mzee, paja dhaifu ni mwanzo wa kuanguka.

Yafaa basi mhudumu aulize, baada ya swali la sigara, kama mgonjwa hufanya mazoezi au kazi ya nguvu. Aulize na shisha pia, kwa kuwa wengi hawaihesabu, na kikao kimoja cha shisha huweza kuingiza kaboni monoksaidi nyingi kuliko sigara moja. Akiridhia kujaribu kuacha, apewe jambo la kupima mwenyewe: ahesabu mapigo ya moyo aamkapo, aandike mara anazoweza kuinua uzito uleule, arudie baada ya wiki chache. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kaboni monoksaidi hurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa 12, na kati ya wiki mbili na miezi mitatu mzunguko wa damu na kazi ya mapafu huwa bora. Aelezwe pia mapema kwamba wengi huongezeka kilo kadhaa waachapo, kwa sababu hamu ya chakula hurudi. Asiyeonywa hushtuka, akairudia sigara. Mwenye vyuma vyake amekwisha kuwa na mahali pa kuipeleka nguvu ya chakula hicho.